Mbwa Akibweka Usiku: Vipimo vya Saratani ya Tezi Dume Vinasema Nini Hasa

Mjomba wangu ni dereva mstaafu wa malori. Zaidi ya miaka ishirini amekwenda Tunduma na kurudi, Kitonga ameupanda na mzigo na kuushuka na mzigo, na sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Jumatatu moja alikuja kwangu na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne na kuichomeka nyuma ya leseni. Akaifungua mezani, akaweka kidole kwenye namba: PSA 11.2. Pembeni, kwa maandishi madogo, paliandikwa 0–4.

“Mpwa, wewe ndiye uliyesoma. Hii ni kansa au si kansa?”

Alikuwa amepitia kwenye upimaji wa bure, ule wa mahema na spika. Shida yake ilikuwa presha. Wakamwambia kuna na kipimo cha tezi dume, akanyoosha mkono, wakatoa damu. Siku tatu baadaye akapewa karatasi na sentensi moja: “Iko juu, kamwone bingwa.” Bingwa alikuwa na nafasi baada ya wiki mbili. Kwa hiyo wiki mbili nzima mjomba alitembea na jibu mfukoni bila kujua swali lililoulizwa lilikuwa lipi.

Tangu hapo nimekaa na wanaume kadhaa wa rika lake, na karibu wote wamepita njia hiyohiyo: wamepimwa kwanza, maelezo yamekuja baadaye au hayakuja kabisa. Wengi wao hata saratani hawakuwa nayo. Kilichowanyima usingizi ni kutojua kila kipimo kinauliza nini na kinaweza kujibu kiasi gani.

Na si wazee wa mtaani peke yao. Mei 2025 ofisi ya Joe Biden ilitangaza kwamba rais huyo mstaafu wa Marekani ana saratani ya tezi dume yenye alama 9 za Gleason, yaani namba inayopima ukali wa saratani, na kwamba imeshafika kwenye mifupa. Kijiweni kwetu kahawa ilipoa. Mtu mwenye madaktari mpaka ndani ya ndege, wameshindwaje kuiona mapema? Ofisi yake ikaongeza kwamba kipimo chake cha mwisho cha PSA, kile cha damu alichopimwa mjomba, kinachojulikana ni cha 2014, na hapo maswali yakazidi. Jibu lipo, nitalifikia. Lakini haliwezi kueleweka kabla ya kunyoosha neno lenyewe.

Tezi dume si ugonjwa

Tunasema “fulani ana tezi dume” kama tunavyosema ana malaria. Tezi dume ni kiungo. Kila mwanaume anacho, kama alivyo na ini na figo. Kipo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na kwa kijana ukubwa wake ni wa ndimu changa. Mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi unavyopita kwenye ushanga. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Kiungo hiki hupatwa na mambo matatu, na mtaani yote matatu tumeyapa jina moja. La kwanza ni uvimbe wa maambukizi, ambao hata kijana wa miaka 30 anaupata: maumivu, homa, mkojo kuchoma. La pili ni kukua kwa umri. Mvi zinatoka, tezi nayo inanenepa. Huko kukua si saratani na hakugeuki kuwa saratani, ila kunaubana ule mrija, ndiyo maana mzee anaamka mara nne usiku, anasimama chooni anasubiri, mkojo unakuja kwa kukatakata. La tatu ndiyo saratani yenyewe.

Sasa shika hili, maana ndilo linalowachanganya wengi. Saratani mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, kwa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukaa miaka bila kuugusa mkojo. Kwa hiyo mwenye kuamka usiku mara nyingi ana tezi iliyokua tu, na mwenye saratani changa mara nyingi hana dalili yoyote. “Mimi nakojoa vizuri, nipime nini?” ni hoja inayosikika kuwa na akili, lakini imesimama kwenye kiungo kisicho chake.

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na Ikulu ikatoa taarifa hadharani. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Wanaume ambao hawakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya wake zao walilitamka kwenye daladala. Nadhani tulijifunza jina wiki ile, kilichomo ndani ya jina hatukujifunza.

Kipimo cha damu

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, kwa ajili ya kuyafanya majimaji ya mbegu yawe mepesi. Kiasi kidogo huvuja kwenda kwenye damu. Ikionekana nyingi kwenye damu, maana yake tezi imeshtuliwa na kitu. Kitu gani, damu haisemi.

Mjomba nilimwambia hivi: una mbwa uani. Saa nane usiku anabweka. Inaweza kuwa mwizi. Inaweza kuwa paka, au jirani amerudi amelewa na anagonga geti lisilo lake. Mbwa hajakosea kubweka, kazi yake ndiyo hiyo. Lakini hakuna mtu anayetoka na panga akakata gizani kwa sababu mbwa amebweka. Anawasha taa kwanza.

Kwa hesabu, kati ya wanaume wanne ambao PSA yao iko juu, takriban watatu hawakutwi na saratani. Na upande wa pili, mbwa anaweza kulala mwizi akapita: takriban mwanaume mmoja kati ya saba wenye PSA inayoitwa ya kawaida anakuwa na saratani hata hivyo. Kipimo hiki Marekani ilikiidhinisha mwaka 1986 kwa kuwafuatilia watu waliokwisha kugundulika, na ni 1994 ndipo kikaruhusiwa kusaidia kugundua. Richard Ablin, mmoja wa wanasayansi waliohusika kuigundua protini hiyo mwaka 1970, amekuwa akilalamika hadharani kwamba kipimo kinatumika kuliko kinavyostahili. Mwenye mbwa mwenyewe analalamika mbwa anasikilizwa mno.

Anabweka kwa sababu zipi nyingine? Umri, kwanza: tezi kubwa hutoa PSA nyingi, ndiyo maana namba inayomshtua daktari kwa mtu wa miaka 50 haimshtui sana kwa mtu wa 75. Yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mpira wa mkojo uliowekwa siku za karibuni. Tendo la ndoa, au kutoa mbegu kwa namna yoyote, ndani ya saa 48 kabla ya kipimo. Baiskeli ya mwendo mrefu. Na kuna dawa za kupunguza tezi iliyokua, finasteride mojawapo, ambazo huishusha PSA karibu nusu. Huyo ni mbwa aliyefungwa mdomo: namba inaonekana nzuri, na daktari asiyeambiwa kuhusu dawa hiyo anadanganyika.

Nikamuuliza mjomba kama kuna aliyemuuliza hayo kabla ya kumtoboa. Hakuna. Na wiki ileile alikuwa katikati ya dozi ya yutiai.

Akanyamaza. Halafu akasema, “Kwa hiyo mbwa wangu kaona paka?”

“Hatujui, mjomba. Paka na mwizi wanaweza wakawepo usiku mmoja.”

Hakulipenda jibu hilo. Ila siku ile, kwa mara ya kwanza, alikula chakula akamaliza.

Bingwa alimtibu yutiai mpaka ikaisha, wakasubiri wiki kadhaa, wakarudia. Ikawa 9.8. Imeshuka, bado iko juu.

Kile kidole

Hapa ndipo utani wote wa kijiweni unapokaa, na nina hakika utani huo umezuia watu wengi kupima kuliko gharama. Wako wanaoamini kwamba kupima tezi dume ni daktari kuingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa na hakuna kingine, kwa hiyo hawaendi kabisa. Siku hizi mahali pengi hatua ya kwanza ni damu. Kidole ni nyongeza, na hakifanyi kazi ya damu wala damu haifanyi kazi yake.

Kinatafuta nini? Kunja ngumi. Kwa mkono mwingine bonyeza ile nyama nene chini ya kidole gumba: hivyo ndivyo tezi yenye afya inavyohisika, inabonyea kisha inarudi. Sasa gusa kifundo cha kidole. Ugumu wa namna hiyo, hasa upande mmoja, ndio daktari anaoutafuta. Kwa kuwa kidole kinafika upande wa nyuma tu, uvimbe wa mbele kinaupita.

Mjomba alikuwa ameambiwa “usiwe na wasiwasi” na watu watatu tofauti, mmoja wao nesi. Sioni neno lililo tupu kuliko hilo. Alichotaka kujua ni mambo yatakavyokwenda: unalala ubavu, unakunja magoti kuelekea kifuani, daktari anavaa glovu na kupaka jeli, unahisi mgandamizo na kama haja kubwa inataka kutoka ingawa haitoki, na kabla dakika haijaisha umeshaambiwa uvae. Nilipomweleza hivyo aliuliza swali moja tu lililobaki. “Na kama daktari ni binti?”

Ni swali halali, wala si ujinga. Unaweza kuomba daktari mwanaume, na unaweza kuomba mtu wako abaki nje ya chumba. Wengi hawajui kwamba kuomba kunaruhusiwa.

Daktari alikuwa mwanaume, na alihisi upande wa kulia pagumu kidogo. Akasema tuchukue kinyama.

Bambo kwenye gunia

Ukienda Tandale kununua mahindi ya jumla hufungui gunia lote. Unaomba bambo. Unachoma juu, unachoma katikati, unachoma chini, punje zinateremka kwenye kiganja unaziangalia. Kuchukua kinyama kwenye tezi dume ni bambo hasa. Sindano nyembamba huchota vipande, mara nyingi kumi hadi kumi na viwili, kutoka sehemu mbalimbali za tezi, na kila kipande kinakwenda kuangaliwa kwenye hadubini. Penye mashine ya MRI na uwezo wa kuilipia, siku hizi picha hupigwa kwanza ili bambo lielekezwe panapotiliwa shaka badala ya kuchoma kwa makisio.

Sindano hupita kwenye njia ya haja kubwa au kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo, huku kifaa cha utrasaundi kikiongoza. Ganzi huchomwa. Kitu ambacho hakuna aliyemtajia mjomba ni mlio. Kile kifaa kinalia kama stepla, na kinalia kila kipande kinapochukuliwa. Aliniambia maumivu hayakuwa kitu, ila kila “tap!” ilimrusha, na hakuwa anajua zimebaki ngapi. Mara kumi na mbili. Mtu angemwambia tu, mzee, utasikia mlio mara kumi na mbili, angekuwa anahesabu kama anavyohesabu mizani za barabarani.

Kubwa zaidi lilitokea siku kumi baadaye. Mkazamjomba ndiye aliyenipigia, kwa sauti ya chini. “Mjomba wako hataki kuongea. Kaniambia nikwambie kwamba yale mambo yamebadilika rangi.” Ilichukua dakika nzima ya kuzungukazunguka mpaka nikaelewa: mbegu zilikuwa zimetoka na rangi ya kutu. Mzee alishahitimisha kwamba kansa imepasuka ndani.

Ni jambo la kawaida kabisa. Baada ya kuchukua kinyama, damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku chache hutarajiwa, na kwenye mbegu inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Haina madhara kwake wala kwa mwenzi wake. Nadhani halisemwi kwa sababu ya aibu, daktari anamwonea aibu mzee na mzee anamwonea aibu daktari, na katikati ya heshima hizo mbili mtu anakaa siku tatu akiandaa wosia. Kinachotakiwa kumrudisha hospitali mbio, hata usiku, ni homa na kutetemeka, kushindwa kabisa kukojoa, au damu nyingi yenye mabonge. Homa hasa si ya kusubiri asubuhi.

Siku za kusubiri

Majibu ya kinyama yalichukua wiki tatu. Mwanaume wa kwetu hasemi “naogopa”. Mjomba alifanya vitu. Alibadilisha bati mbili zilizokuwa zinavuja tangu mwaka juzi. Alilipa deni la shilingi elfu arobaini ambalo mwenye duka alishalisahau. Aligomba kwa sababu ya chumvi. Jioni moja akaniita akanionesha hati ya kiwanja, iko wapi, imefungwa na nini, halafu akaongea mpira kama hakuna kilichotokea.

Nimekuja kujua kwamba hivyo ndivyo hofu inavyoonekana kwa wanaume wengi wanaosubiri. Inavaa nguo ya hasira, ya kazi nyingi, ya ukimya. Mke huwa wa kwanza kuiona, kama alivyokuwa wa kwanza kuhesabu safari za chooni usiku. Chini ya hofu ya kufa kuna hofu nyingine mbili ambazo mtu hazitaji mpaka uzitaje wewe: je, nitabaki mwanaume, na je, tutauza nini kulipia.

Kuficha nako kuna wakubwa wake. Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume Desemba 2023, na tarehe 1 Januari 2024 akarudishwa hospitali kwa matatizo yaliyotokana nao. Bosi wake, Rais Biden, hakujua kwamba ni saratani mpaka tarehe 9. Mtu mwenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani alishindwa kusema neno moja kwa simu. Baadaye aliomba radhi hadharani. Nikimfikiria yeye, siwezi kumlaumu mjomba kwa kumtuma mkewe apige simu.

Namna ya kumpa mtu habari si jambo la adabu tu. Utafiti uliochapishwa 2012 kutoka Uswidi, uliotumia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 6, ulionesha kwamba wiki ya kwanza baada ya kuambiwa una saratani ya aina yoyote, vifo vya moyo na vya kujiua vilipanda waziwazi. Hiyo ni wiki ambayo ugonjwa wenyewe haujapata nafasi ya kuua. Kwa hiyo mtu aliyetoka kuambiwa asirudi nyumbani peke yake, na maneno aliyoambiwa yaandikwe, kwa sababu baada ya neno “saratani” masikio hufunga.

Alama sita si nusu ya kumi

Kinyama kikikutwa na saratani, karatasi inakuja na namba nyingine: alama za Gleason, kwa jina la Donald Gleason, daktari wa Marekani aliyeziasisi miaka ya 1960. Fikiria mtaa unaoonekana kutoka juu. Tezi yenye afya ni kama viwanja vilivyopimwa: nyumba zimepangana, njia zinaonekana. Saratani ya pole bado inafuata ramani, ingawa mmoja wawili wamejenga barabarani. Saratani kali ni ujenzi holela, nyumba juu ya nyumba, hata toroli halipiti. Daktari wa hadubini anatoa alama kwa kuangalia mtaa umevurugika kiasi gani.

Alama hizo husomwa hadi 10, na mtu akisikia “sita” anadhani amevuka nusu ya njia ya kwenda kaburini. Siku hizi sita ndiyo ya chini kabisa inayotolewa kwenye kinyama. Ndiyo ya pole. Ili kuondoa mkanganyiko huo, wataalamu mwaka 2014 walikubaliana kutumia pia madaraja ya 1 hadi 5, ambapo ile sita ni daraja la 1, na ile tisa ya Biden ni daraja la 5.

Daraja si hatua. Daraja ni tabia ya saratani, hatua ni umbali iliosafiri. Mwizi anaweza kuwa mpole lakini ameshaingia sebuleni, au mkali ila bado yuko nje ya uzio. Ukipewa namba, uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Mbona madaktari wanapingana?

Sasa turudi kwa Biden. Mwaka 2012 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilishauri wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka 2018 likabadili: wenye miaka 55 hadi 69 wazungumze na daktari wao na kuamua, wenye miaka 70 na kuendelea wasipimwe. Mwaka 2014 Biden alikuwa na miaka 71. Kutopimwa kwake baada ya hapo kulifuata mwongozo.

Mwongozo wa namna hiyo ulitokana na nini? Saratani nyingi za tezi dume zinakwenda mwendo wa kinyonga, na mzee anaweza kufa nayo akiwa amekufa kwa jambo jingine. Ukimpasua kila mmoja, unawaachia wengi shida ya mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua kwa ugonjwa ambao usingewagusa. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wakawagawa kwa bahati nasibu: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu bila tiba ya haraka. Baada ya takriban miaka 15, matokeo yaliyotoka 2023 yalionesha kwamba karibu 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Wengi wa wanaume hao walikuwa na saratani isiyo kali, kwa hiyo usimnyanyulie namba hizi mtu mwenye daraja la 5. Lakini kwa mtu wa daraja la 1, kuambiwa “tutakufuatilia” si kutelekezwa.

Hata hivyo nina shaka na kuuchukua mjadala huo mzimamzima kuuleta Temeke. Washiriki wa utafiti huo karibu wote walikuwa Wazungu. Uingereza kwenyewe, mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani hii maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Na shida ya wodi zetu si kupima kupita kiasi. Wengi wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanafika mgongo ukiwa umeshaanza kuuma, wengine miguu imekufa ganzi, saratani imeshahamia mifupani. Mwanaume wa kwetu mwenye miaka 45 au 50, hasa kama baba au kaka yake aliugua, ana sababu ya kwenda kuongea na daktari kuhusu kipimo hiki. Nasema kuongea. Damu ije baada ya mazungumzo.

Na yanayozunguka WhatsApp nayo. Ile ya “mara 21 kwa mwezi” ina mzizi wa kweli: utafiti wa Marekani wa 2016, wa wanaume wapatao 32,000 waliojieleza wenyewe, ulikuta wanaotoa mbegu mara 21 na zaidi kwa mwezi wana hatari iliyo chini kidogo. Si dawa, na haimtibu aliyekwisha kuugua, hata kama kijiweni imeshakuwa hoja ya kudai haki nyumbani. Kwamba sindano ya kinyama inasambaza saratani: ndugu huiamini kwa sababu wanamwona mgonjwa anazidiwa baada ya hospitali, wakati alifika amechelewa. Wauzaji wa dawa za “kuyeyusha tezi” wao wanauza kwenye ule mkanganyiko wa jina. Magome ya mti wa Prunus africana, ambao unaota milima yetu, yametumika mpaka Ulaya kupunguza dalili za tezi iliyokua. Saratani ni kitu kingine. Mtu akipata nafuu ya mkojo anaamini amepona kitu ambacho hakuwahi kupimwa.

Daftari

Kabla ya siku ya majibu tulikaa na mjomba tukaandika maswali kwenye kaunta buku aliyokuwa akiandikia mafuta ya gari zamani. Alitaka kuuliza: mmekuta nini, kwa maneno ya kawaida? Kama ni saratani, ni daraja gani na imefika wapi? Ni lazima nianze tiba sasa, au kuna nafasi ya kusubiri? Kila tiba itanifanya nini chumbani na chooni? Bima inafika wapi? Swali la chumbani aliniandikisha mimi, akaninyang’anya kalamu akalifuta, halafu akaliandika mwenyewe.

Daktari alisoma karatasi akasema vipande vyote kumi na viwili vimeonesha tezi iliyokua na uvimbe wa muda mrefu. Saratani haikuonekana.

“Kwa hiyo sina.”

“Hatujaiona, mzee.”

Mjomba akanitazama. “Bambo,” akasema. Daktari hakuelewa, tukamweleza, akacheka, akasema atalitumia kwa wagonjwa wengine. Akaeleza kwamba PSA itarudiwa kila miezi sita, na ikipanda watafikiria MRI.

Mkazamjomba ananiambia usingizi umerudi, ila siku mbili tatu kabla ya kila kipimo chumvi huanza tena kuwa nyingi. Kwenye kaunta buku, ukurasa wenye vichwa vya zamani vya “lita” na “kilomita”, kuna safu mpya aliyoichora kwa rula. 11.2, na pembeni ameandika yutiai. 9.8. 9.1. Chini yake ameandika Oktoba, na nafasi ya namba ameiacha wazi.